Chipu za Bei Nafuu na Injini ya Gari la Spoti: Je, Nguvu Huongezeka Kweli?

Kwa miaka mingi sasa wapenzi wa magari ya spoti ya zamani wamekuwa wakitangaziwa kifaa kidogo ambacho, kwa mujibu wa wauzaji wake, huipa injini nguvu mpya. Kifaa hicho huitwa chipu. Tangazo la kawaida huahidi mambo mawili kwa pamoja: kwamba injini itaongezewa nguvu-farasi 20 au 30, na kwamba gari litatumia petroli kidogo kuliko zamani. Bei ya kifaa ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya gari, na kazi ya kukifunga ni ya dakika chache. Mnunuzi akishakifunga, mara nyingi husema kwamba ameona tofauti.

Swali hili haliwahusu wenye magari ya fahari peke yao. Linahusu jinsi nishati inavyogeuzwa kutoka umbo moja hadi jingine, jinsi kompyuta inavyotawala mashine, na jinsi dai lolote linavyoweza kupimwa kabla ya kuaminiwa. Tena kosa katika jambo hili lina gharama kubwa: chipu isiyofaa inaweza kutoboa pistoni ya injini ambayo vipuri vyake ni ghali na adimu.

Ili mjadala uwe na msingi, na lichukuliwe gari moja linalojulikana vizuri, nalo ni Porsche 944, lililoundwa Ujerumani Magharibi ya wakati ule kati ya miaka ya 1982 na 1991. Gari hili linafaa kwa sababu lilitolewa likiwa na injini za kawaida na pia injini yenye turbo, na injini zote hizo zilitawaliwa na kompyuta. Kwa hiyo linaonyesha wazi mahali ambapo chipu inaweza kufanya kazi na mahali ambapo haiwezi.

NGUVU YA INJINI HUTOKA WAPI?

Injini ya kwanza ya 944 ilikuwa na silinda nne zenye ujazo wa jumla wa sentimeta za ujazo 2,479. Katika masoko ya Ulaya ilitoa nguvu-farasi 163, yaani kilowati 120 hivi, ikizunguka mara 5,800 kwa dakika. Ni rahisi kuonyesha kwa hesabu ya shule mahali nguvu hizo zilikotoka.

Injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 5,800 kwa dakika, itavuta hewa mara 2,900. Kila mara silinda zote kwa pamoja zina nafasi ya lita 2.479, basi kwa dakika moja ni lita 7,190 hivi, au lita 120 kwa sekunde. Lita moja ya hewa ya kawaida karibu na usawa wa bahari ina gramu 1.2. Kwa kuwa silinda hazijai kabisa katika mwendo wa kasi, na tukadirie kwamba hujaa kwa asilimia 85. Jibu ni gramu 122 za hewa kwa kila sekunde.

Petroli haiwezi kuungua bila oksijeni. Ili gramu moja ya petroli iungue yote, huhitaji gramu 14.7 za hewa. Injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote hupewa petroli zaidi kidogo, kiasi cha gramu moja kwa gramu 13 za hewa, ili oksijeni yote ipate kutumika. Gramu 122 ukizigawa kwa 13 utapata gramu 9.4 za petroli kwa sekunde. Kila gramu ya petroli ina nishati ya kilojouli 43 hivi. Kwa hiyo injini inapokea kilowati 400 hivi za nishati ya kikemia na kutoa kilowati 120 katika mhimili wake. Nyingine zote, yaani asilimia 70, hupotea katika moshi wa moto, katika maji ya rejeta na katika msuguano wa vyuma.

Hesabu hii fupi ndiyo ufunguo wa jambo zima. Petroli inaweza kuongezwa kwa urahisi. Nozeli ikifunguliwa kwa muda mrefu zaidi, petroli nyingi zaidi itaingia. Lakini kinachoweka mpaka wa nguvu ni hewa. Wenye magari wanaotoka Mombasa kwenda Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, wanaujua mpaka huo ingawa huenda hawaujui kwa jina: hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Hakuna chipu inayoweza kuirudisha hewa isiyokuwepo.

KOMPYUTA NDANI YA GARI

Zamani mchanganyiko wa hewa na petroli ulitengenezwa na kabureta, na wakati wa kutoa cheche uliamuliwa na springi na vyuma vidogo ndani ya distributa. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ilileta mfumo uitwao Motronic, uliofungwa kwanza katika gari la BMW 732i, ambao uliziunganisha kazi hizo mbili chini ya kompyuta moja. Porsche 944 ilitumia mfumo wa ukoo huohuo.

Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa vipima mbalimbali: kasi ya injini, wingi wa hewa inayoingia, joto la hewa na joto la maji. Kisha hutazama jedwali lililoandikwa katika kumbukumbu yake. Jedwali lina safu za kasi ya injini na safu za mzigo; mahali zinapokutana pana namba, na namba hiyo huiambia kompyuta nozeli ifunguliwe kwa muda gani, au cheche itolewe nyuzi ngapi kabla ya pistoni kufika juu. Usahihi unaotakiwa ni mkubwa. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde moja ya mia, na nyuzi moja ya mzunguko hupita katika muda wa sehemu 28 za milioni ya sekunde.

Majedwali hayo huhifadhiwa katika kipande cha silikoni kiitwacho EPROM. Aina hii ya kumbukumbu ilibuniwa na Dov Frohman katika kampuni ya Intel, ikatangazwa mwaka 1971. Ina dirisha dogo la kioo cha kwatsi. Ikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno maandishi yake hufutika, na mengine yanaweza kuandikwa. Hiyo ndiyo chipu halisi, nayo ndiyo iliyozaa biashara inayozungumzwa hapa, kwa kuwa katika magari mengi ya miaka ya 1980 inaweza kuchomolewa kwa mkono na nyingine kuchomekwa mahali pake.

VITU VITATU CHINI YA JINA MOJA

Neno «chipu» katika matangazo hutumika kwa vitu vitatu tofauti kabisa, na wanunuzi wengi huvichanganya.

Cha kwanza ni kisanduku kidogo chenye taa zinazometameta, kinachochomekwa katika soketi ya uchunguzi ya gari. Soketi hiyo ya aina moja kwa magari yote ilifanywa kuwa sharti nchini Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na kwa magari ya petroli ya Ulaya kuanzia mwaka 2001. Gari la 944 halina soketi hiyo, kwa hiyo kifaa hiki hakiwezi hata kuchomekwa. Katika magari yanayoweza kukipokea, wataalamu waliofungua baadhi ya vifaa vya bei ya chini kabisa wamekuta taa na sakiti ya kuziwasha, bila sehemu yoyote ya kuzungumza na kompyuta ya injini.

Cha pili huwa ni kikinza cha kawaida cha umeme, kile kinachouzwa kwa senti chache katika maduka ya vipuri vya redio, kilichofichwa ndani ya plastiki na kupewa jina la kuvutia. Hufungwa katika waya wa kipima joto cha hewa. Kifaa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa kuwa hakika kinafanya jambo fulani, ila si jambo lililoahidiwa.

Kipima joto cha hewa ni themista, ambayo ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Themista ya kawaida ya Bosch ina ukinzani wa omu 2,500 hivi katika nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 5,900 hivi katika nyuzi 0. Sasa kikinza cha omu 3,400 kikiunganishwa nayo kwa mfululizo wakati hewa ina nyuzi 20, kompyuta itasoma omu 5,900 na kuamini kwamba nje kuna baridi ya barafu. Kwa kuwa hewa ya baridi ina msongamano mkubwa, kompyuta itaongeza petroli kwa asilimia kadhaa. Lakini hewa haikuongezeka hata chembe. Mchanganyiko uliokuwa gramu 13 za hewa kwa moja ya petroli utakaribia 12 kwa moja, na ziada hiyo itatoka katika bomba la ekzosi ikiwa masizi na monoksidi ya kaboni. Plagi zitashika weusi, na katika magari yenye kisafisha moshi, chombo hicho cha thamani kitaharibika kwa joto. Gari lenye kipima oksijeni nalo lina kinga ya namna yake: katika mwendo wa kawaida kompyuta hugundua kwamba petroli imezidi, ikaipunguza. Hapo mnunuzi hupata sifuri kamili.

Cha tatu ni EPROM yenyewe yenye majedwali mapya. Hiki ni kifaa cha kweli, na swali linalobaki ni moja: mtengenezaji wa injini aliacha akiba kiasi gani?

AKIBA ILIYOBAKI

Wahandisi wa kiwanda hawakuandika majedwali yao kwa kubahatisha. Waliifunga injini katika dainamomita, wakatafuta kwa kila kasi mchanganyiko na wakati wa cheche unaofaa. Ukichora nguvu ya injini dhidi ya wakati wa cheche utapata mchoro wenye umbo la mlima wenye kilele bapa: kusogea nyuzi mbili au tatu karibu na kilele hakubadili mengi. Mchanganyiko wa petroli nao una mlima wa namna hiyohiyo. Kwa hiyo katika injini ya kawaida isiyo na turbo, akiba iliyobaki ni ile ndogo tu ambayo kiwanda kiliitenga kwa ajili ya usalama: kwa ajili ya petroli mbovu, siku za joto kali, na tofauti kati ya injini moja na nyingine. Chipu iliyoandikwa na fundi hodari inaweza kuchukua sehemu ya akiba hiyo na kutoa asilimia chache za nguvu. Haiwezi kutoa nguvu-farasi 30 katika injini ya 163, kwa maana hilo lingetaka hewa zaidi kwa karibu asilimia 18, na milango ya hewa ya injini ni ileile.

Kuchukua akiba ya usalama kuna bei yake. Cheche ikitolewa mapema mno, sehemu ya mchanganyiko ambayo bado haijafikiwa na moto hukandamizwa na kupata joto kali hadi ikalipuka yenyewe kwa ghafla. Mafundi husema injini inagonga, na sauti yake hufanana na kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Mlipuko huo huvunja utando mwembamba wa gesi unaokinga kichwa cha pistoni, na alumini huanza kuyeyuka. Petroli yenye okteni ya juu hustahimili zaidi. Ndiyo sababu chipu nyingi zisizo za udanganyifu huuzwa pamoja na onyo kwamba gari lisitiwe petroli ya okteni ya chini. Injini ya 944 ya vali nane isiyo na turbo haikuwekewa kipima cha kusikia mgongo huo. Chipu ikikosea, hakuna kitu cha kuionya kompyuta.

Chipu nyingine huinua kiwango cha juu cha mizunguko, kwa mfano kutoka 6,500 hadi 7,000 kwa dakika. Kani zinazovuta fimbo za pistoni huongezeka kwa mraba wa kasi. Basi nyongeza hiyo ya asilimia 8 katika kasi ni nyongeza ya asilimia 16 katika mzigo wa vyuma, na vyuma hivyo vina umri wa zaidi ya miaka thelathini.

INJINI YENYE TURBO

Mambo hubadilika katika 944 Turbo, iliyotokea mwaka 1985. Ukubwa wa silinda ulikuwa uleule, lakini nguvu zilifika nguvu-farasi 220. Feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ilisukuma hewa ndani ya silinda kwa kanieneo ya baa 0.75 hivi juu ya ile ya angahewa, na kompyuta ilishiriki katika kuitawala kanieneo hiyo. Hapa chipu, ikisaidiwa na marekebisho machache, inaweza kufanya lile ambalo haikuweza mwanzo: kuingiza hewa zaidi.

Hesabu ni nyepesi. Kanieneo kamili ilikuwa baa 1.75. Ikiinuliwa hadi 2.0, hewa huongezeka kwa asilimia 14 joto lisipobadilika, na nguvu-farasi 220 zinakuwa 250. Inafaa kukumbuka kwamba kiwanda chenyewe kilitoa gari la nguvu-farasi 250, liitwalo Turbo S, mwaka 1988. Lakini kiwanda hakikubadili majedwali ya kompyuta peke yake. Kiliweka turbo kubwa zaidi, kikaimarisha gia, na kufunga breki kubwa zilizotoka katika gari la 928 S4.

Sababu mojawapo ni joto. Hewa ya nyuzi 20 ikikandamizwa na turbo ya kawaida hadi baa 1.75 huweza kufika nyuzi 90 kabla ya kupozwa. Ikikandamizwa hadi baa 2.0 huweza kupita 110. Hewa ya moto ina msongamano mdogo na tena huchochea injini kugonga. Kompyuta ya 944 Turbo ina kipima cha kusikia mgongo. Ikiusikia huchelewesha cheche na kupunguza kanieneo. Hapo mwenye gari aliyenunua nguvu zaidi hujikuta, siku ya joto, akiwa na nguvu kidogo kuliko alizotarajia. Na kama aliyeandika chipu ameidhoofisha kinga hiyo ili takwimu zake zipendeze, pistoni ndiyo italipa.

KUPIMA BILA KUJIDANGANYA

Mbona basi wanunuzi wengi husema wameona tofauti, hata pale pasipo na tofauti? Jibu linajulikana katika utabibu: mgonjwa aliyepewa kidonge cha unga mtupu huweza kujisikia vyema kwa sababu anatarajia kupona. Aliyelipa fedha hukanyaga pedali kwa nguvu zaidi na kuisikiliza injini kwa makini zaidi.

Hisia za mwili ni kipimo hafifu. Gari la kilo 1,200 likiongeza mwendo kutoka kilometa 60 hadi 100 kwa saa hupata nishati ya mwendo ya kilojouli 296 hivi. Ikiwa huchukua sekunde 4, basi nyongeza ya nguvu ya asilimia 5 itapunguza muda huo kwa sekunde 0.2 tu, nao ni muda uleule ambao kidole cha mtu hukawia kubonyeza saa. Hali ya hewa nayo huingilia: hewa ya saa nane mchana yenye nyuzi 30 ina msongamano pungufu kwa asilimia 3 kuliko ile ya asubuhi yenye nyuzi 20. Anayepima gari mchana bila chipu, na kesho yake alfajiri akiwa na chipu, amepima jua.

Jaribio la haki lina masharti machache. Injini ipimwe katika dainamomita ileile, ikiwa na joto lilelile na petroli ileile. Chipu ya zamani na mpya zipokezane mara kadhaa, kwa mpangilio ambao anayeendesha hauelewi. Kila moja ipimwe mara nyingi, na wastani wake utafutwe. Kisha tofauti kati ya wastani mbili ilinganishwe na mtawanyiko wa vipimo vya chipu moja. Tofauti ikiwa ndogo kuliko mtawanyiko huo, hakuna kilichothibitishwa. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vilivyodaiwa kupunguza matumizi ya petroli, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote, nayo ilikuwa ndogo.

KILE AMBACHO GARI LA ZAMANI LINAHITAJI

Injini iliyotumika kwa miongo mitatu mara nyingi haitoi tena nguvu zake za awali. Mipira ya hewa hupasuka na kuvujisha, nozeli huziba, pampu ya petroli huchoka, kipima hewa hulika mahali mguso wake unapopita, na ringi za pistoni huachia mkandamizo. Majedwali mapya hayazibi tundu lolote kati ya hayo. Fundi atakayepima mkandamizo wa kila silinda, kanieneo ya petroli na hali ya plagi anaweza kurudisha nguvu ambazo chipu isingeweza kuzileta, na kwa hatari ndogo. Katika 944 kuna jambo la haraka zaidi: mkanda wa mpira unaozungusha mhimili wa vali ukikatika, pistoni hugonga vali na kuzipinda. Fedha za kununulia chipu zingefaa kwanza kununua mkanda huo.

Walimu wa fizikia wanaweza kulileta somo hili darasani bila kuwa na gari. Vifaa ni themista moja, kikinza cha elfu kadhaa za omu, kipima-omu, kipimajoto, na maji ya moto na ya barafu. Wanafunzi wachore kwanza mchoro wa ukinzani dhidi ya joto. Kisha waunganishe kikinza kwa mfululizo na themista, watie themista katika maji ya vuguvugu, na wasome katika mchoro wao joto ambalo «kompyuta» ingeliamini. Watie vidole ndani ya maji hayohayo. Baada ya hapo waulizwe swali moja na walijibu kwa maandishi: ni kitu gani kilichobadilika, maji au habari za maji?